Hans Berger

Hans Berger (Neuses karibu na Coburg, 21 Mei 1873 - Jena, 1 Juni 1941) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na profesa wa Chuo Kikuu cha Jena nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza aliyefaulu kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu na kuuchora kwa mstari. Mchoro huo aliuita elektroensefalogramu. Hospitalini leo wengi wanaujua kwa kifupi chake, EEG. Kwa njia hiyo madaktari walipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kuchungulia kazi ya ubongo ulio hai bila kupasua kichwa, jambo ambalo baadaye lilibadilisha kabisa matibabu ya kifafa na maandalizi ya upasuaji wake.

Jina lake lina pande mbili. Kwa muda mrefu vitabu vilimweleza kama mwanasayansi mpweke aliyeonewa na serikali ya Wanazi. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha habari tofauti, nayo inaelezwa hapa chini.

Familia na utoto

Baba yake, Paul Friedrich Berger, alikuwa daktari. Mama yake, Anna, alikuwa binti wa Friedrich Rückert, mshairi na mtaalamu wa lugha za Mashariki aliyejulikana sana Ujerumani, ambaye pamoja na mengine alitafsiri kwa Kijerumani sehemu za Kurani na hadithi za al-Hariri. Rückert alifariki mwaka 1866, kwa hiyo mjukuu hakumwona, lakini alikulia katika kijiji kilekile ambako babu aliishi na kuzikwa.

Hans alisoma sekondari mjini Coburg na kumaliza mwaka 1892. Hakuwa na nia ya kuwa daktari kama baba yake. Alitaka kuwa mwanafalaki, akaanza kusoma hisabati chuoni. Baada ya muhula mmoja aliacha, akajiunga na jeshi kwa mwaka mmoja kama askari wa farasi.

Ajali ya farasi

Jambo lililompata katika mwaka huo wa jeshi liliongoza maisha yake yote. Siku moja wakati wa mazoezi farasi wake alishtuka na kumtupa chini, mbele ya mzinga uliokuwa ukivutwa na farasi. Dereva wa mzinga aliwahi kuwazuia farasi wake, na kijana akaokoka pasipo jeraha kubwa. Jioni ileile alipokea telegramu kutoka kwa baba yake ikimwuliza hali yake. Baba hakuwahi kumtumia telegramu kabla ya siku hiyo. Ilikuja kujulikana kwamba dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali na hapo, alishikwa na hofu ya ghafla kwamba kaka yake yuko hatarini, akamsihi baba apeleke ujumbe.

Berger aliamini kwamba katika dakika ile ya kuogopa kufa, mawazo yake yalisafiri na kumfikia dada yake. Wengi wangelichukulia jambo hilo kama sadfa na kulisahau. Yeye hakulisahau. Aliacha falaki, akageukia udaktari, na swali alilokwenda nalo lilikuwa moja: nguvu ya akili ni kitu gani, na inaweza kupimwa vipi? Alisimulia kisa hicho hadharani mwishoni mwa maisha yake tu, katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1940.

Jena

Alihitimu udaktari huko Jena mwaka 1897 na mara moja akaajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili iliyoongozwa na Otto Binswanger. Hiyo ndiyo kliniki ambayo mwaka 1889 ilimpokea mwanafalsafa Friedrich Nietzsche alipopatwa na wazimu. Berger alibaki humo hadi kustaafu: kwanza msaidizi, halafu mhadhiri, halafu daktari mkuu chini ya Binswanger, na kuanzia mwaka 1919 profesa kamili na mkurugenzi. Katika miaka ya 1927-1928 alikuwa pia mkuu wa chuo kikuu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alitumikia jeshi kama daktari wa akili kwenye mstari wa mapigano wa magharibi.

Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake katika maabara. Walizaa watoto wanne, mvulana mmoja na wasichana watatu. Kazini alijulikana kuwa mtu mkali, mwenye kushika saa, asiyependa mabadiliko wala mazungumzo marefu. Wasaidizi wake walijua ratiba yake ya mchana. Jioni, baada ya kazi za wodini, aliingia katika chumba kidogo cha majaribio, na kwa miaka mingi wenzake wachache sana walifahamu alichokuwa akifanya humo.

Damu, joto, umeme

Hoja ya Berger ilikuwa rahisi kueleweka hata na mwanafunzi wa sekondari. Nishati haipotei, bali hugeuka kutoka umbo moja hadi jingine. Ubongo hupokea chakula na oksijeni kupitia damu. Nishati hiyo lazima itoke kwa njia fulani. Sehemu itatoka kama joto, sehemu kama umeme, na sehemu iliyobaki, kadiri alivyofikiri, ndiyo nishati ya akili yenyewe. Basi ukipima vizuri kinachoingia, na ukipima joto na umeme unaotoka, utaijua ile iliyobaki kwa kutoa.

Alianza na damu. Katika kliniki kulikuwa na wagonjwa waliokuwa na tundu katika fuvu kutokana na majeraha au upasuaji, ambapo ngozi tu ilifunika ubongo. Mahali kama hapo mtu aliweza kuona na kupima jinsi ubongo unavyopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Mwitalia Angelo Mosso alikuwa ametangulia katika vipimo vya namna hiyo. Berger alipima mabadiliko hayo mgonjwa alipofanya hesabu, aliposhtuliwa na alipopewa dawa. Matokeo hayakumpa jibu alilotaka. Kisha akapima joto la ubongo, akachapisha juu yake mwaka 1910. Hapo pia tofauti zilikuwa ndogo mno kwa nadharia kubwa kiasi kile.

Ilibaki njia ya umeme. Ilikwisha kujulikana kwamba ubongo wa wanyama una umeme: Mwingereza Richard Caton aliuona kwa sungura na nyani mwaka 1875, na Adolf Beck wa Poland alifanya kazi kama hiyo baada ya miaka 15. Lakini hao walifunua ubongo wenyewe. Tangu mwaka 1902 Berger alijaribu kwa mbwa akashindwa, akajaribu tena miaka ya baadaye kwa galvanomita bora zaidi akashindwa tena.

Sababu ya kushindwa si ngumu. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kama elfu moja ya volti, na Willem Einthoven wa Uholanzi alikuwa ameweza kuuchora mwanzoni mwa karne ya 20. Umeme wa ubongo ukishapita utando, mfupa na ngozi ya kichwa hubaki makumi machache tu ya sehemu za milioni za volti. Kukunja uso, kupepesa macho au kusaga meno kunatoa umeme mkubwa kuliko huo. Isitoshe, Berger hakuwa na elimu kubwa ya fizikia wala fundi wa umeme wa kumsaidia.

Mwaka 1924 na baada yake

Tarehe 6 Julai 1924 alimpima kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imeondolewa na daktari mpasuaji Nikolai Guleke kwa sababu ya shaka ya uvimbe kichwani. Safari hii galvanomita ilitikisika kidogo, tena kwa mpangilio. Berger alikuwa na miaka 51, na alikuwa ametafuta mtikisiko huo kwa zaidi ya miaka 20.

Hakuutangaza. Kwa miaka mitano aliendelea kujipinga mwenyewe: labda ni mapigo ya moyo, labda ni misuli, labda ni mshipa wa damu chini ya ngozi, labda ni hitilafu ya chombo. Alibadilisha elektrodi, kutoka sindano zilizochomwa chini ya ngozi hadi vipande vya karatasi ya metali vilivyofungwa kwenye paji la uso na kisogoni. Alipata galvanomita mpya ya kampuni ya Siemens. Alihama kutoka kwa wagonjwa wenye tundu la fuvu hadi watu wenye fuvu zima, na hapo alijipima mwenyewe na kumpima mara nyingi mwanawe Klaus. Huenda subira hiyo ilipita kiasi, lakini makala iliyotokea mwaka 1929 haikuwa na pengo ambalo mkosoaji angeweza kuliingia kwa urahisi.

Makala hiyo, yenye kichwa kinachosema tu kwamba inahusu elektroensefalogramu ya binadamu, ilifuatwa na nyingine 13 zenye kichwa kilekile na namba yake, hadi mwaka 1938. Humo alieleza aina mbili za mawimbi. Makubwa zaidi, yanayojirudia takriban mara 10 kwa sekunde mtu anapopumzika huku amefumba macho, aliyapa herufi ya kwanza ya Kigiriki, alfa. Madogo na ya haraka zaidi aliyaita beta. Alionyesha kwamba mtu akifumbua macho au akianza kufanya hesabu, mawimbi ya alfa hupungua au kutoweka mara moja. Majina hayo yanatumika mpaka leo.

Kupuuzwa na kuthibitishwa

Wataalamu wa fiziolojia wa Ujerumani hawakumjali. Alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili asiye na jina katika fizikia, na fununu za imani yake juu ya kusafiri kwa mawazo hazikumsaidia. Pia walizoea kuamini kwamba seli za neva hutoa mishtuko mifupi isiyopatana. Mawimbi laini ya polepole kutoka ubongo mzima yaliwaonekea kama kosa la mashine.

Mabadiliko yalitoka Cambridge, Uingereza. Edgar Adrian, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alishirikiana na Bryan Matthews kurudia majaribio ya Berger akitarajia kuyakanusha. Wakaona mawimbi yaleyale, hata kichwani mwa Adrian mwenyewe, na mwaka 1934 wakatangaza kwamba Berger alikuwa sahihi. Mwaka 1937 Berger alialikwa pamoja na Adrian kwenye mkutano wa kimataifa wa saikolojia mjini Paris, akapokewa kwa heshima ambayo nyumbani hakuipata.

Hata hivyo walitofautiana juu ya jambo moja zito. Berger alishikilia kwamba mawimbi ya alfa hutoka katika gamba zima la ubongo, kwa kuwa aliyatafuta kama alama ya akili nzima. Adrian alionyesha kwamba yana mahali pake, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo inayohusika na kuona. Adrian ndiye aliyekuwa na haki. Hivyo chombo cha Berger kilianza kuwa chombo cha kuchora ramani ya ubongo kinyume cha matarajio ya mvumbuzi wake.

Kifafa na ramani ya ubongo

Berger aliwapima pia wagonjwa wa kifafa. Aliona jinsi mawimbi yanavyofifia baada ya shambulio kubwa na kurudi polepole, na mwaka 1933 alichapisha mchoro wenye mawimbi ya takriban 3 kwa sekunde kutoka shambulio dogo. Kwa tahadhari yake ya kawaida alihofia kwamba mtikiso wa mwili ulikuwa umeharibu michoro mingine, akaacha kusema zaidi. Waliosema ni Wamarekani: mwaka 1935 Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox wa Boston walieleza wazi alama ya pekee ya mawimbi na ncha kali, mara 3 kwa sekunde, kwa wagonjwa ambao hupotewa na fahamu kwa sekunde chache bila kuanguka.

Umuhimu wake ulikuwa mkubwa. Kwa karne nyingi kifafa kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mapepo, wa tabia au wa akili. Sasa kilionekana kwenye karatasi kama umeme uliovuka mpaka wake. Na kama umeme huo unaanzia mahali pamoja, daktari anaweza kuuliza kama mahali hapo panaweza kuondolewa.

Upasuaji wa kifafa ulikuwepo kabla ya Berger. Victor Horsley aliufanya London mwaka 1886. Lakini mpasuaji wa wakati ule aliongozwa na kovu lililoonekana, au na kiungo kilichoanza kutikisika. Otfrid Foerster wa Breslau, na baada yake Wilder Penfield wa Montreal, waliufunua ubongo wa mgonjwa aliye macho, ngozi ikiwa imetiwa ganzi, wakaugusa kwa umeme hafifu ili kujua ni wapi panapotawala mkono, ulimi na usemi. Njia hiyo ni ya hakika, ila mgonjwa ameshapasuliwa fuvu kabla daktari hajajua kama patamfaa. EEG iliwezesha sehemu ya kazi hiyo kufanyika mapema, nje ya ngozi. Herbert Jasper aliileta kwa Penfield katika miaka ya 1930, na mwaka 1958 alitoa utaratibu wa kimataifa wa kupanga elektrodi kichwani ambao hospitali nyingi huufuata. Huko Chicago, Percival Bailey na Frederic Gibbs walieleza mwaka 1951 wagonjwa waliopasuliwa sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio wakiongozwa na EEG peke yake.

Kwa nini ramani inahitajika sana? Kisa cha Mmarekani Henry Molaison kinatosha. Mwaka 1953 aliondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili ili kupunguza kifafa. Kifafa kilipungua kweli, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya hadi alipofariki mwaka 2008. Kujua kifafa kinaanzia wapi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua mahali hapo panafanya nini.

Chini ya utawala wa Wanazi

Berger alistaafu mwaka 1938 akiwa na miaka 65. Baada ya vita ilienea simulizi kwamba Wanazi walimchukia, wakamfukuza kazini kwa aibu na kuivunja maabara yake. Simulizi hiyo ilirudiwa katika vitabu vingi vya udaktari.

Hati zilizochunguzwa na wanahistoria wa Jena na wengine haziiungi mkono. Alistaafu kwa umri wa kawaida. Hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, lakini alikuwa mchangiaji wa shirika la SS. Tena alikaa kama hakimu daktari katika mahakama ya rufaa ya afya ya urithi mjini Jena. Mahakama hizo zilianzishwa kwa sheria ya Julai 1933 iliyoruhusu serikali kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Takriban watu 400,000 walifanyiwa hivyo hadi mwaka 1945. Katika orodha ya magonjwa ya sheria hiyo kilikuwemo kifafa cha kurithi.

Mgonjwa wa kifafa aliyefika kwenye mahakama ya rufaa alikuwa na tumaini la mwisho mbele ya madaktari hao. Katika miaka ileile ambayo makala za Berger zilikuwa zikionyesha kifafa kama tukio la umeme linaloweza kuchunguzwa, yeye alishiriki kuamua rufaa chini ya sheria iliyokifanya kuwa doa la ukoo. Mwaka 1941 Karl Astel, mkuu wa chuo kikuu na Mnazi mkereketwa, alimwomba arudi kwenye mahakama hiyo. Berger alikubali, lakini alifariki kabla ya kuanza.

Kifo

Baada ya kustaafu alihamia Bad Blankenburg. Alisumbuliwa na maradhi ya ngozi na ya moyo, na zaidi ya yote na huzuni kubwa ya muda mrefu. Alilazwa hospitalini Jena, na humo alijiua tarehe 1 Juni 1941, siku chache baada ya kutimiza miaka 68. Hakupata Tuzo ya Nobel. Kliniki ya magonjwa ya neva ya Jena ilibeba jina lake kwa miaka mingi, na kufichuliwa kwa kazi yake mahakamani kumezua mjadala kama jina hilo linastahili kuheshimiwa hivyo.

Vipimo vilivyofuata

Leo mgonjwa anayefikiriwa kwa upasuaji wa kifafa hufungwa elektrodi kichwani kwa siku kadhaa huku akirekodiwa kwa video, ili mawimbi yalinganishwe na dalili za mwili. Vipimo vingine vimeongezwa. Mwaka 1968 David Cohen wa Marekani alipima sumaku hafifu inayoambatana na umeme wa ubongo. Sumaku hiyo haivurugwi na mfupa kama umeme unavyovurugwa. Kwa upande wa usemi, Juhn Wada, mzaliwa wa Japani, alianzisha njia ya kulaza nusu moja ya ubongo kwa dawa inayoingizwa katika mshipa wa shingo, kisha kumtaka mgonjwa azungumze. Njia hiyo ina hatari zake, na tangu miaka ya 1990 mahali pengi imepunguzwa na picha za MRI zinazoonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi mgonjwa anapotaja majina ya vitu au kusogeza vidole akiwa amelala ndani ya mashine.

Picha hizo hazipimi umeme. Hupima mabadiliko ya oksijeni na ya mwendo wa damu katika sehemu ya ubongo inayotumika, yaani ile njia ya kwanza ambayo Berger aliiacha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kukosa chombo.